Chatu Wako Akikataa Kula
Mwongozo kwa wafugaji wa chatu wa kifalme

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha kila anayefuga chatu wa kifalme, nyoka mfupi, mnene na mpole ambaye kwao ni Afrika Magharibi na Kati, kuanzia Senegal hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kwa miaka mingi amesafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin, na leo ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi Ulaya na Marekani. Anajulikana pia kwa tabia moja inayowatia wafugaji hofu: kususa chakula.

Ombi letu ni moja. Usimlazimishe kula. Mara nyingi chatu anayesusa hana ugonjwa wowote. Ama makazi yake yana kasoro, ama msimu wake wa kufunga umefika. Rekebisha makazi, mwache atulie, na fuatilia uzito wake badala ya kuhesabu siku.

Kwa nini anasusa?

Mwili wa nyoka hautumii chakula kujitengenezea joto kama wetu. Joto analipata nje, kwa hiyo chakula kidogo humtosha muda mrefu. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na asidhurike. Sababu za kawaida ni hizi:

• Anakaribia kujivua gamba. Ngozi hufifia na macho huwa meupe yenye rangi ya samawati. Hapo haoni vizuri na hataki kusumbuliwa.
• Ni msimu wa kuzaliana. Madume wengi huacha kula miezi ya baridi. Jike mwenye mayai naye hususa.
• Ni mgeni, au amehamishiwa kizimba kipya.
• Kizimba kina baridi. Bila joto, chakula hakisagiki tumboni, naye hatathubutu kula.
• Hana pa kujificha, au anashikwashikwa mno.
• Chakula ni kikubwa kupita kiasi, kimepoa, au si aina aliyozoea.

Hatua ya 1: Kagua joto na unyevu

Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi joto 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Tumia kipimajoto kilichowekwa pale anapolala, kwa sababu mkono wako hauwezi kutofautisha nyuzi 28 na 32. Mkeka wa joto au taa lazima viongozwe na kidhibiti joto. Bila hicho nyoka anaweza kuungua tumbo. Unyevu wa hewa uwe asilimia 50 hadi 60, na uongezwe kidogo anapojivua gamba. Maji safi yawepo wakati wote.

Hatua ya 2: Mpe maficho

Porini chatu huyu hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Akiwekwa kwenye kizimba kitupu cha kioo hujiona yuko hatarini, na nyoka mwenye hofu hali. Weka maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Yawe finyu, kiasi cha kuta kumgusa mgongo na ubavu akijikunja. Funika kwa kitambaa au karatasi pande tatu za kioo.

Hatua ya 3: Mwache atulie

Baada ya marekebisho, kaa siku 7 bila kumshika. Badilisha maji, ondoa kinyesi, basi. Wageni na watoto wasigonge kioo.

Hatua ya 4: Andaa chakula ipasavyo

Mpe panya aliyekwisha kufa, ambaye unene wake haupiti sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Panya aliye hai asiachwe kizimbani. Huuma, na wapo chatu waliopata vidonda vibaya kwa meno ya panya.

Panya wa friza ayeyushiwe kwenye friji usiku kucha, kisha atiwe ndani ya mfuko na kuwekwa kwenye maji ya moto hadi apate joto la mwili, karibu nyuzi 38. Usitumie maikrowevu. Joto hilo ni muhimu: chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto la windo, na panya wa baridi kwake si chakula.

Mpe jioni, taa zikiwa zimepunguzwa. Shika panya kwa koleo ndefu na umsogeze polepole mbele ya maficho. Asipodaka, mwache panya mlangoni pa maficho hadi asubuhi, kisha mtupe. Usijaribu tena kesho yake. Subiri siku 7 hadi 10. Kujaribu kila siku humzidishia hofu.

Akiendelea kukataa, badilisha jambo moja tu kila safari: panya mdogo zaidi, panya wa rangi nyingine, au panya mkubwa aliyesuguliwa kwa matandiko ya panya wadogo ili apate harufu yao. Akila, usimshike kwa saa 48.

Hatua ya 5: Mpime uzito

Mpime mara moja kwa wiki kwa mizani ya jikoni ya dijitali na uandike daftarini. Uzito ukibaki palepale, endelea kusubiri. Akipoteza zaidi ya asilimia 10, yaani gramu 150 kwa nyoka wa gramu 1,500, mpeleke kwa daktari.

Mpeleke kwa daktari wa wanyama mara moja ukiona:

• anapumua mdomo wazi, anakoroma, au anatoa mapovu;
• fizi zimevimba au zina usaha;
• utitiri, vidoa vyeusi vinavyotembea kwenye magamba au majini;
• anatapika chakula;
• uti wa mgongo umechomoza na ngozi ina mikunjo;
• ni mtoto na amepitisha wiki 4 bila kula, kwani akiba yake ni ndogo.

Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari. Mikononi mwa asiyejua, huchubua koo, huingiza chakula kwenye njia ya hewa na humfanya nyoka aogope chakula zaidi.

Usalama na sheria

Nyoka hubeba bakteria wa salmonela. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumgusa yeye, panya au kizimba, na vyombo vyake visioshewe jikoni. Watoto chini ya miaka 5 wasimshike.

Biashara ya chatu huyu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Ukiwa Tanzania au Kenya, ulizia kibali kwa mamlaka ya wanyamapori kabla ya kufuga nyoka yeyote. Ukishindwa kumtunza, usimwachie porini. Wasiliana na mamlaka hiyo au daktari wa wanyama akuelekeze pa kumpeleka.