Mwenzako Anaposema, "Siamini Tena"



Mwezi huu somo letu ni gumu kidogo. Tumezoea kuzungumza katika ukurasa huu juu ya fedha za nyumbani, wakwe, ulevi na malezi ya watoto. Leo tuguse jambo ambalo wengi hulificha hata kwa paroko wao: mume au mke aliyefunga ndoa kanisani, akapeleka watoto wakabatizwa, kisha usiku mmoja anamwambia mwenzake kwamba haamini tena kuwa kuna Mungu.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Katika sensa ya mwaka 2019 hapa Kenya, watu zaidi ya 750,000 waliandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu. Bila shaka wapo kati yao ambao wake zao au waume zao huenda Misa kila Jumapili.

Mke anaposikia maneno hayo, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Hulia na kuuliza, "Sasa watoto nitawaambia nini?" Au hukimbilia jumuiya ndogo ndogo kuomba wote wamwombee mumewe, na kufikia Jumapili mtaa mzima unajua. Mume naye, kama ni mkewe aliyesema, hukasirika na kuamuru: "Katika nyumba hii tunasali!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kwanza, nalo ni hili: "Ilianza lini, na ilianzaje?"

Ni lazima liulizwe, kwa sababu watu hawaachi kuamini kwa sababu moja. Yupo aliyezika mtoto. Alisali usiku na mchana hospitalini, akaweka nadhiri, akawasha mishumaa, na mtoto akafa. Yupo aliyemwona mzee wa kanisa akila fedha za harambee kisha Jumapili akasoma somo la kwanza kwa sauti nzuri. Yupo aliyenyimwa huduma ya kumzika baba yake kwa sababu marehemu alikuwa na deni la michango. Yupo mwalimu wa sayansi ambaye alifundishwa utotoni kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita za saa ishirini na nne, na alipokua akaona haiwezekani, akatupa yote pamoja. Na yupo ambaye hana kisa chochote. Imani ilififia polepole kama moto usiochochewa, na siku moja akagundua kwamba anaposali anazungumza peke yake.

Hawa watano hawawezi kupewa jibu moja. Aliyezika mtoto ukimwambia, "Mungu alimpenda zaidi," unamwongezea jeraha. Afadhali usome naye Zaburi ya 88, ambayo ni kilio kutoka mwanzo hadi mwisho na inamalizikia gizani, bila neno la kufariji. Kanisa limeiweka katika sala zake hivyo hivyo ilivyo. Aliyechukizwa na wizi kanisani, mwambie kweli: wizi ni wizi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulikiri kwamba waamini wenyewe wana sehemu yao katika watu kumkana Mungu, kwa kufundisha vibaya na kuishi vibaya. Kama maaskofu wa dunia nzima waliweza kusema hivyo, nawe unaweza kusema mezani kwako.

Mwalimu wa sayansi huenda akapendezwa kujua kwamba Georges Lemaître, aliyeeleza kwamba ulimwengu unapanuka na kwamba ulianza katika kitu kidogo mno, alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji. Lakini mweleze kama unavyomweleza rafiki habari nzuri. Usimrushie kama jiwe.

Na yule ambaye imani ilififia tu? Huyo anahitaji subira kuliko wote, maana hana ugomvi na yeyote, na hoja hazimfikii.

Hapa nataka niwaletee kisa cha kweli. Mwaka 1889 huko Paris, Ufaransa, msichana Mkatoliki aitwaye Elisabeth aliolewa na daktari Félix Leseur. Félix alikuwa amepoteza imani wakati wa masomo ya udaktari, na aliandika katika magazeti yaliyolipinga Kanisa. Walipendana sana; hawakujaliwa watoto. Félix alitaka mkewe naye aiache dini. Alimcheka, akamletea vitabu, na kwa muda kweli Elisabeth aliacha kusali. Ndipo mumewe akampa vitabu vya Ernest Renan, mwandishi aliyemweleza Yesu kuwa mtu wa kawaida. Elisabeth alisoma kwa makini, akaona hoja zake ni nyepesi kuliko alivyotazamia, akarudi kuzisoma Injili zenyewe. Yaani dawa aliyopewa ya kuua imani ndiyo iliyoiamsha.

Tangu hapo hakubishana tena na mumewe. Alisoma, alisali, alipokea wageni wa Félix wasioamini kwa ukarimu, na mawazo yake aliyaandika katika daftari. Aliugua kwa miaka mingi, akafa mwaka 1914. Félix alilikuta daftari lile, akasoma jinsi mkewe alivyomwombea na kuteseka bila kumlaumu. Baadaye alirudi kanisani, akaingia shirika la Wadominiko, akapewa upadre mwaka 1923.

Wahubiri wengine hukisimulia kisa hiki kama maagizo ya kupika: nyamaza, sali, na mume atarudi. Sikubaliani nao. Elisabeth hakuliona tunda hilo hata siku moja. Aliishi miaka ishirini na mitano na mume asiyeamini, na alimpenda kama alivyokuwa. Mke anayempenda mumewe ili tu arudi kanisani, mume atajua mara moja kwamba anavuliwa kama samaki. Ukimpikia chakula kizuri kwa kuwa ni mume wako, atakula. Ukimpikia ili umwalike kwenye semina, atakisikia chambo mdomoni.

Sasa tuje kwenye mambo ya kila siku, maana ndiko ugomvi huanzia.

Kwanza, jueni kwamba ndoa yenu ipo. Wakristo wawili waliobatizwa, wakifunga ndoa halali, ndoa hiyo haivunjiki kwa sababu mmoja ameacha kuamini. Mtume Paulo alikutana na jambo linalokaribia hili kule Korintho (1 Kor 7): mwamini mwenye mwenzi asiyeamini asimwache, ikiwa yule anakubali kukaa naye. Alisema hata kwamba asiyeamini hutakaswa kwa mwenzake. Shangazi akikuambia "ondoka kwa huyo mpagani," mwonyeshe sura hiyo.

Siri yake ni yake. Usimpeleke kwa katekista wala kwenye jumuiya kabla hajakuruhusu. Usimwalike padre "apitie tu chai" kumbe mmepanga. Mtu akitegewa mtego nyumbani kwake, hatafungua tena mdomo.

Usimsukume apokee Komunyo ili majirani wasiseme. Hilo ni kumfundisha unafiki mbele ya Sakramenti. Akikupeleka hadi mlangoni mwa kanisa na kukungoja nje na gazeti lake, mshukuru. Hapa niseme jambo juu ya akina mama. Mume asipoonekana kanisani, watu husema ana kazi nyingi. Mama asipoonekana, wanachama wa chama cha akina mama huuliza nyumba hadi nyumba. Kwa hiyo mke aliyeacha kuamini hubeba mzigo mzito zaidi, na huendelea kuimba kwaya miaka mingi kwa hofu tu. Mume mwenye hekima atamkinga.

Kwa asiyeamini nina neno pia. Siku ya arusi uliulizwa kama utawalea watoto kwa sheria ya Kristo na ya Kanisa lake, ukajibu ndiyo. Sasa huwezi kufundisha usichokiamini, lakini unaweza kutomzuia mwenzako, na kutocheka mtoto anapopiga magoti. Mtoto akiuliza, "Baba, mbona husali?" mjibu kwa kweli inayomfaa: "Mama anaamini, mimi nimeshindwa kuamini, na sisi sote tunakupenda." Watoto huumia zaidi wakifanywa wajumbe, "mwambie baba yako aende Misa," kuliko wakiambiwa ukweli. Tena tusichanganye mambo: kutoamini si ugonjwa, wala si kibali cha kulewa au kupiga. Anayepiga, iwe anaamini au haamini, ni kesi nyingine na itafutiwe msaada mwingine.

Na wewe unayeamini, sababu zako ni zipi? Wengi wetu tukiulizwa hutaja kazi tuliyopata au ugonjwa uliopona. Basi kazi ikiisha? Mama Teresa wa Kalkuta, barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, ilijulikana kwamba kwa miaka mingi hakumhisi Mungu hata kidogo, na kila asubuhi aliamka akasali na kuwahudumia maskini. Mwenzako huenda anafahamu giza hilo kuliko wewe unayelala usingizi.

Wiki hii, watoto wakishalala, zimeni redio na simu. Kila mmoja amweleze mwenzake, bila kukatizwa, ni lini alimwona Mungu karibu na ni lini hakumwona kabisa. Msikilizaji asijibu usiku huo. Anayeamini na aanze yeye.