Kiporo Katika Friji: Kiliwe au Kitupwe?

Lugha yetu ina neno zuri, kiporo, yaani chakula kilichopikwa jana kikalazwa ili kiliwe asubuhi. Wengine husema mwiku. Maneno haya yalikuwako kabla ya friji kufika kwetu, kwa hiyo kula kiporo si desturi iliyoletwa na umeme. Lakini kiporo cha wazee wetu kililala usiku mmoja tu, kikachemshwa alfajiri, kikaisha. Siku hizi hulala siku nne, hata juma zima, na mtu akikikuta kingali baridi hudhani ni kizima. Hapo ndipo mashaka yaanzapo.

Kwanza yafaa tujue kazi ya friji. Haiui vijidudu vya maradhi. Huvipunguzia mwendo tu. Katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu huongezeka upesi, na vingine hujigawa kila dakika 20. Hebu piga hesabu: kimoja huwa 8 baada ya saa moja, 512 baada ya saa tatu, na 32,768 baada ya saa tano. Basi friji sharti iwe na nyuzi 5 au chini yake, na chakula kiingizwe kabla ya kupita saa mbili tangu kuepuliwa. Sufuria kubwa ya maharage ikiingizwa nzima, katikati hubaki vuguvugu muda mrefu. Heri kuyagawa katika vyombo vipana visivyo na kina.

Watu wengi huitegemea pua. Mimi naiona pua kuwa shahidi wa upande mmoja: ikisema chakula kimeoza, isadiki; ikisema ni kizima, usiisadiki bado. Vijidudu viozeshavyo chakula na vile viletavyo maradhi mara nyingi si jamii moja. Kiko kimoja kiitwacho Listeria ambacho hukua hata ndani ya baridi ya friji bila kuacha harufu, nacho ni hatari hasa kwa mama mjamzito, mtoto mchanga na mzee.

Wali nao una hila yake. Kijidudu cha udongoni, Bacillus cereus, kina mbegu yenye ganda gumu isiyokufa kwa maji yachemkayo. Wali ukiachwa vuguvugu, mbegu huamka, vijidudu huongezeka na kutoa sumu ya kutapisha. Ukiupasha moto waweza kuviua vijidudu, lakini sumu hiyo hubaki. Wale wasemao kwamba moto husafisha kila kitu hawajasoma sura hii.

Mimi ni kiranja wa jikoni, na ufunguo wa friji ninao mimi. Jumatano moja mvulana wa kidato cha kwanza alikuja kuomba pilau ya kuku aliyoletewa na mama yake siku ya wageni, Jumapili. Tuliinusa sote wawili. Ilinukia vizuri kabisa.

"Kaka," akasema, "chakula cha mama hakitupwi."

Nikamwuliza ilipikwa lini. Ilipikwa Jumamosi usiku, ikalala jikoni kwao, ikapanda basi alfajiri, ikafika kwetu adhuhuri. Yaani ilikaa nje zaidi ya nusu ya siku kabla ya kuonja baridi. Siku tatu za friji hazikuwa na neno tena. Shauri lilikwisha kukatwa ndani ya basi. Nikaitupa. Hakunisalimu juma zima, wala simlaumu, maana kuku yule alikuwa wa pekee pale kwao.

Kuhusu siku, wakubwa wenyewe hawakubaliani. Marekani hushauri siku 3 hadi 4 kwa chakula kilichopikwa. Uingereza hushauri siku 2, na wali siku 1 tu. Kwa kuwa umeme wetu hukatika, mimi nashika hesabu ya Waingereza, ingawa wenzangu huniita mchoyo. Kila chombo nakibandika karatasi yenye siku na saa. Kikitolewa, kipashwe mpaka katikati kifike nyuzi 75, na kipashwe mara moja tu.

Umeme ukizimika, usifungue mlango kutazama. Friji iliyofungwa hushika baridi kwa saa 4 hivi. Baada ya hapo nyama, maziwa na vyakula vilivyopikwa havifai. Nanyi mliokwisha maliza shule, mlio na friji yenye sehemu ya kugandisha, kabla ya safari gandisheni kikombe cha maji, kisha wekeni sarafu juu ya barafu. Mkirudi na kuikuta juu, vema. Mkiikuta chini kabisa, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama iliyomo itupwe hata kama ni ngumu kama jiwe.