Dondoo muhimu: Wawili kwa miguu jijini Stockholm
Anzeni Gamla Stan, mji mkongwe, asubuhi na mapema, kabla watalii hawajafurika. Vaeni viatu vya soli nene. Mawe ya njiani hayana huruma na visigino. Kichochoro cha Mårten Trotzigs gränd, penye wembamba kabisa, kina sentimita 90 tu, hivyo pandeni ngazi zake mmoja nyuma ya mwenzake. Kisha fuateni Strandvägen kando ya maji hadi kisiwa cha Djurgården, mkaione Vasa, merikebu iliyozama mwaka 1628 na kuopolewa 1961. Itengeeni saa mbili nzima, inastahili. Miguu ikichoka, rudini kwa feri hadi Slussen, jirani na Gamla Stan. Bebeni kadi ya benki. Maduka mengi hayapokei fedha taslimu. Mwezi Juni jua huchelewa kuzama: malizieni kwenye njia ya Monteliusvägen, mkitazama Ukumbi wa Jiji ng'ambo ya maji.