Mafuta ya kitunguu saumu yatarudisha usikivu wa mama?

SWALI: Mama yangu, mwenye miaka 58, hasikii vizuri sikio la kulia tangu juzi. Jirani anashauri tumtilie mafuta moto ya kitunguu saumu. Je, ni salama? – Msomaji, Nyamirambo, Kigali

JIBU: Hapana, dada yangu, msimtilie. Mafuta ya moto huunguza, na kitunguu saumu huchubua ngozi laini ya ndani ya sikio. Kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka, chochote mnachotia hupenya hadi sikio la kati. Vijiti vya pamba navyo husukuma nta ndani zaidi.

Huenda ni nta tu imeziba, na hilo mhudumu wa afya hulitatua haraka. Lakini usikivu unaopotea ghafla, ndani ya siku 3 au chini yake, unaweza kuwa umetokana na hitilafu ya sikio la ndani. Hiyo ni dharura: dawa hufaa zaidi zikianza mapema, hasa ndani ya wiki 2 za mwanzo.

Mpelekeni leo, msingoje kesho. Kwa bima ya afya ya Mutuelle de Santé mnaanzia kituo cha afya, kisha mnapewa rufaa hadi kwa daktari wa masikio, kwa mfano katika hospitali ya CHUK. Akiwa na kizunguzungu kikali, uso uliopooza au usaha, mwambieni mhudumu mapema. Hadi apimwe, sikio libaki kavu.

Jirani ana nia njema, lakini sikio la mama halina akiba.