SOMO: Kompyuta ya Tawi Inapomkataa Msimamizi Wake



Tawi likiweka daftari la wanachama na hesabu ya ada katika kompyuta, halafu kompyuta ikakataa amri za msimamizi, kazi ya tawi husimama. Leo tujifunze kosa moja la mfumo wa Linux na namna ya kulirekebisha.

Katika Linux mwenye madaraka yote huitwa root. Mtu mwingine akitaka kufanya kazi ya msimamizi hutanguliza neno sudo mbele ya amri yake. Orodha ya walioruhusiwa imo katika faili /etc/sudoers.

Kila faili ina ruhusa za pande tatu: mwenyewe, kundi lake, na watu wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Basi 7 ni ruhusa zote, na 0 ni kunyimwa kabisa. Faili hii yapasa kuwa 0440: root na kundi lake wasome, wengine wasiiguse.

Shida huanza mtu anapotaka kuongeza jina la katibu mpya. Akikataliwa kuandika, huifungua faili kwa 777. Sasa yeyote anayeingia aweza kujiandika msimamizi na kusoma daftari zima. Daftari hilo likimfikia mwajiri, wapo watakaopoteza kazi. Kwa hiyo sudo hugoma, hata kwa wenye haki, na inagoma kwa sababu njema.

Marekebisho ni haya:

1. Andika: pkexec chmod 0440 /etc/sudoers. Utaulizwa neno la siri la msimamizi.

2. Ikishindikana, na neno la siri la root unalijua, andika su - kisha chmod 0440 /etc/sudoers.

3. Ikishindikana tena, washa kompyuta upya. Katika orodha ya mwanzo chagua recovery mode, uingie kama root. Andika mount -o remount,rw / kisha amri ile ile ya chmod.

4. Kama mwenye faili naye amebadilishwa, kwa njia hiyo hiyo andika: chown root:root /etc/sudoers.

5. Mwisho kagua: sudo visudo -c.

Tangu hapo faili hii ihaririwe kwa visudo tu, maana huyakagua maandishi kabla ya kuyahifadhi. Na kiongozi akiondoka madarakani, jina lake litolewe katika orodha siku hiyo hiyo, mbele ya wajumbe wawili.