Sigara na Ugonjwa wa Kiharusi



Mwezi huu tujifunze habari za kiharusi, ugonjwa ambao wengine bado wanauita upepo mbaya. Kiharusi si upepo. Hutokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na damu iliyoganda, ama kwa kuwa mshipa umepasuka. Ndipo mdomo huenda upande, mkono hulegea, na maneno hayaeleweki. Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali saa ile ile.

Sigara inaingiaje hapa? Kwanza, nikotini huufanya moyo uende mbio na kupandisha shinikizo la damu. Pili, moshi una gesi ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Tatu, moshi huharibu kuta za ndani za mishipa, mafuta yakanata hapo, na damu ikaganda upesi.

Katika mji wa Framingham, Marekani, waganga walianza mwaka 1948 kuwafuatilia watu 5,209. Taarifa yao ya mwaka 1988 ilionyesha kuwa waliovuta sigara zaidi ya 40 kwa siku walikuwa na hatari ya kiharusi mara 2 ya waliovuta chini ya 10. Lakini walioacha, hatari yao ilipungua sana ndani ya miaka 2, na baada ya miaka 5 ikawa sawa na ya wasiovuta.

Basi mzee asemaye, "Nimevuta miaka 30, nikiacha sasa itanifaa nini?" amekwisha kujibiwa. Na asemaye, "Mimi navuta moja tu baada ya chakula," asijidanganye. Hata moja kwa siku huongeza hatari. Tena moshi wake huwadhuru mkewe na watoto.

Wako miongoni mwetu wanaoacha sigara siku 40 za Kwaresima, kisha wakaiwasha tena Pasaka. Aliyeweza siku 40 amevuka mahali pagumu, maana tamaa huwa kali zaidi majuma ya kwanza. Kwa nini arudi nyuma? Tumsaidie, tusimcheke.

Maswali ya kujadili:

1. Soma 1 Wakorintho 6:19-20. Je, mwili wako ni mali ya nani?

2. Nyumbani kwako, ni nani avutaye moshi wa mwingine?

3. Mtaa wetu umsaidieje anayetaka kuacha?