Mtoto Mwenye Saratani Akipelekwa ICU

Mama mmoja niliyekaa naye kwenye benchi nje ya ICU alikuwa ameshapiga simu kijijini kuwaambia ndugu wajiandae. Mwanawe wa miaka sita, mgonjwa wa saratani ya damu, alikuwa hajamaliza hata saa tatu ndani. Siku ya tano akatolewa, anadai chipsi. Sisemi kila mtoto hutoka hivyo. Wapo wasiotoka, na nitalifikia hilo. Ila mzazi mwenzangu, usianze matanga mlangoni.

ICU ni chumba cha wagonjwa mahututi. Hakitibu saratani yenyewe. Hiyo inatibiwa kwa dripu za kemo, kwa upasuaji au kwa mionzi. Umeshaona nyumba ya udongo iliyoinama ikiegemezwa kwa nguzo huku fundi akishughulika na msingi? Ndiyo kazi ya ICU. Inashikilia mapafu, moyo na figo mpaka tiba nyingine ifanye kazi yake.

Utauliza, jana alikuwa anacheza, leo mahututi kwa nini? Mara nyingi ni maambukizi. Kemo inaua seli za saratani, lakini inapita pia na chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Kwa kawaida askari hao huwa wachache kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Hapo kijidudu ambacho mtoto mwingine angekimaliza kwa mafua ya siku mbili kinaingia kwenye damu, presha inaporomoka, na mtoto anazima kama mshumaa ndani ya saa chache.

Sababu nyingine inawashangaza wengi: dawa kufanya kazi kwa kasi mno. Chukua uvimbe wa Burkitt, ule wa taya au tumbo ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Kemo ikianza, zinakufa kwa mkupuo, uchafu wake unamwagika kwenye damu, madini ya potasiamu yanapanda na figo zinaelemewa. Ndiyo maana siku za mwanzo mtoto anapewa maji mengi ya dripu, na nesi anakukabidhi kikopo cha kupimia mkojo. Usiumwage kabla haujaandikwa. Nimeona bibi mmoja akiumwaga kwa usafi wake, na nesi akabaki ameshika kalamu hana la kuandika.

Wengine wanaingia kwa sababu ya kutokwa damu isiyoganda. Wengine wana uvimbe kifuani unaobana njia ya hewa. Huyu utamjua: anakataa kulala chali, analala ameketi. Usimlaze kwa nguvu. Mwambie daktari upesi.

Sasa, jambo kubwa kuliko mashine zote liko mikononi mwako, na linaanzia nyumbani. Nunua kipima joto cha kwapani, kile cha betri kinachouzwa famasi. Mtoto aliye kwenye kemo akifika nyuzi 38, nenda hospitali saa ileile, hata kama ni saa nane usiku. Usisubiri kukuche. Usimpe panadoli kwanza uone itakuwaje, maana homa itajificha huku wadudu wanazaliana. Aspirini usimpe kabisa, inazuia damu kuganda. Wala usimwekee kitu chochote kwenye njia ya haja kubwa, iwe dawa au kipima joto, kwa sababu mchubuko mdogo pale ni mlango wa wadudu.

Ukifika mapokezi usiseme tu "mtoto ana homa", utapangwa foleni ya malaria. Sema hivi: "Mtoto ana saratani, alipata kemo siku tisa zilizopita, joto lake ni 38.5." Antibayotiki ya mshipani inatakiwa iingie ndani ya dakika 60 tangu mfike. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini dawa isikisubiri. Kama uko mbali na hospitali ya saratani, dozi ya kwanza mtoto aipate hospitali iliyo karibu, kisha waombe wapige simu wodi inayomhudumia kabla ya kuandika rufaa. Mtoto anayehema kwa shida asipandishwe basi. Aende kwa gari la wagonjwa lenye oksijeni na nesi. Kwa hiyo weka mfuko mmoja tayari: kadi ya kliniki, majibu ya damu ya mwisho, majina ya dawa, namba ya simu ya wodi, na nauli isiyoguswa hata siku ya sikukuu.

Ndani utakuta nini? Kwanza monita, kioo chenye mistari inayopanda na kushuka. Kibanio kidoleni kinasoma oksijeni ya damu, na kwa kawaida wanataka 94 kwenda juu. Kengele zitalia, na mara nyingi ni kibanio kimechomoka tu. Mimi nilijifunza kutazama uso wa nesi badala ya kioo.

Oksijeni inaweza kupita kwenye vimrija vya puani. Hospitali nyingine zinatumia bomba ambalo ncha yake imezamishwa kwenye chupa ya maji: yale mapovu yanayotokota ni dalili kwamba hewa ina msukumo wa kuzuia mapafu yasisinyae. Isipotosha, mtoto anawekwa kwenye mashine ya kupumulia, kwa mpira unaopita mdomoni hadi koo la hewa. Hapo anapewa dawa ya usingizi, na hata akizinduka hatatoa sauti. Akifungwa bendeji laini mikononi si ukatili, ni asiuchomoe mpira. Kuna pia pampu ndogo zinazosukuma dawa ya kupandisha presha tone kwa tone, na kama figo zimegoma, mashine ya kusafisha damu.

Wewe nawa mikono, uingie peke yako, umwite jina lake sikioni. Omba pamba yenye maji umlowanishe midomo. Dua na sala zisomwe kando ya kitanda. Kombe au maji ya baraka yasipite mdomoni wala kwenye mpira. Daktari akija muulize: kiungo gani kimeshindwa, tutegemee nini siku mbili zijazo, na tutajuaje kama anapata nafuu?

Ndugu wanaojaa koridoni na chupa za chai, wape kazi: wakatoe damu kituo cha Damu Salama. Wanaotakiwa ni wenye afya, umri wa miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50. Mwanamume kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Chembe za kugandisha damu zinadumu siku 5 tu, kwa hiyo wasije wote siku moja. Damu haiuzwi. Ukiombwa hela, mwone muuguzi mkuu wa wodi.

Na gharama? Muhimbili, Dar es Salaam, matibabu ya saratani kwa watoto hayamtozi mzazi, kwa ushirikiano wa serikali na shirika la Tumaini la Maisha. Hospitali za Bugando na KCMC nazo zinatibu watoto hawa. Uliza utaratibu wao siku ya kwanza. Hospitali binafsi hudai amana, kisha hutoza kwa siku, kwa hiyo omba maandishi: kitanda kiasi gani, mashine, dawa, vipimo. Mwenye bima aulize kama inalipia siku za ICU. Usiye na uwezo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii humohumo hospitalini ukiwa na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Nenda mapema, siku ya kuruhusiwa ni kuchelewa.

Huenda ikafika siku daktari akasema mashine zinarefusha maumivu tu. Uliza mpaka uelewe, na umwite mtu unayemwamini asikilize nawe. Kukubali tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu kwa mofini ya maji, kumsafisha na kumkumbatia, si kumtelekeza mtoto. Kwa maoni yangu, mzazi anayeamua hivyo baada ya kuelezwa vizuri hana deni kwa mtu.

Anayetoka atakuwa dhaifu, sauti inakwaruza, na usiku anaweza kushtuka akilia. Hayo huisha taratibu. Usimwondoe wodini kabla hujaandikiwa tarehe ya dripu inayofuata, maana kemo iliyosimamishwa na ICU bado inamsubiri.